Mgonjwa wa Unene Kabla ya Kisu na Baada ya Kisu



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo watu hulitaja kwa mzaha barazani na kwa huzuni chumbani, nalo ni maisha ya mtu aliyelemewa na unene hata akaufikia upasuaji wa kupunguza uzito, na maisha yake baada ya kutoka katika upasuaji huo. Naomba nilitaje tangu sasa lile ninalokusudia kulithibitisha, ili kila msikilizaji apate kuipima hoja yangu kadiri inavyokwenda: mgonjwa huyu hastahili kulaumiwa kabla ya kisu, wala hastahili kuachwa peke yake baada ya kisu, na jamaa wanaomtenda mojawapo ya mambo hayo mawili huiharibu kazi ya tabibu, ingawa tabibu huyo awe hodari namna gani.

Kwanza yatupasa tujue tunasema juu ya nani. Matabibu huupima unene kwa hesabu iliyobuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, yaani uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa mraba wa urefu wake kwa mita; na mtu ambaye hesabu yake imefika 30 huhesabiwa kuwa na unene uliopita kiasi, na aliyefika 40 huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 103 amekwisha kuuvuka mpaka huo wa pili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 mtu mmoja katika kila wanane ulimwenguni alikuwa na unene uliopita kiasi. Nchi za Ghuba, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, ni miongoni mwa nchi zilizoelemewa zaidi, na katika miji yetu ya pwani, hasa kwa wanawake, hali hiyo si ngeni tena. Basi asidhani mtu kwamba nasimulia habari za watu wa mbali.

Natumfikirie, basi, mwanamke wa makamo, mama wa nyumba mwenye watoto na biashara yake, ambaye uzito wake umefika kilo 120. Akisimama kituoni kungoja daladala, huliona jicho la kondakta likimpima kabla hajapanda, na pengine huambiwa waziwazi kwamba atalipa nauli ya watu wawili. Akienda kwa fundi cherehani, vipimo vyake husomwa kwa sauti mbele ya wateja wengine. Akitaka kusali, magoti humkatalia sijida, hata akawa anasali juu ya kiti ilhali umri wake haujafika wa kusalia juu ya kiti. Usiku hukoroma na kukatikiwa na pumzi mara nyingi, kwa sababu mafuta ya shingoni huibana njia ya hewa, naye huamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala. Sukari ya damu yake hupanda, kwa kuwa insulini ipo lakini mwili hauitii tena; shinikizo la damu hupanda pamoja nayo; na tabibu amwonaye kwa kikohozi, au kwa kuumwa na jino, humwambia neno lile lile aliloambiwa na kila mtu tangu ujana wake, kwamba apunguze kula.

Wala si kwamba hakupunguza. Mwanamke huyu amekwisha kufunga siku zisizo za funga, amekunywa maji ya ndimu alfajiri, ameacha wali kwa miezi, ametembea ufukweni kabla ya jua kuchomoza, na kila mara alipungua kilo kadhaa, akasifiwa, kisha kilo zikarudi na nyingine juu yake. Hapo ndipo watu humhukumu kuwa ni mlafi asiye na azma. Wazee wetu walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na elimu ya siku hizi imetuonyesha ukweli wa mithali hiyo ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York walitangaza kuivumbua homoni iitwayo leptini, ambayo hutoka katika mafuta ya mwili na kuupelekea ubongo habari za akiba iliyopo. Na mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa walitangaza kuivumbua grelini, ambayo hutoka zaidi katika mfuko wa chakula na kuuamsha ubongo utafute kula. Mtu anapokonda kwa kujinyima, leptini hushuka, grelini hupanda, na mwili hupunguza matumizi yake ya nguvu kana kwamba umeingia mwaka wa njaa. Watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha mwaka 2011 kwamba hata mwaka mzima baada ya watu kupungua kwa njia hiyo, homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi mahali pake. Mtu wa namna hiyo ni kama mwenye kupiga makasia kinyume cha mkondo: twaweza kuisifu mikono yake kwa saa ya kwanza, lakini hatuna haki ya kumlaumu saa ya kumi inapomkuta amechoka na chombo kinarudi nyuma.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu lawama huzaa madhara yake yenyewe. Mgonjwa aliyeaibishwa huchelewa kwenda kwa tabibu, hujificha anapokula, hukataa kupigwa picha na watoto wake, hujitenga na harusi na matanga, na mwishowe huiamini hukumu ya watu kuliko habari za mwili wake. Alhasili, anapofika mlangoni pa chumba cha upasuaji hubeba mizigo miwili, wa mwili na wa fedheha, na kisu chaweza kuushughulikia mmoja tu.

Sasa niseme kwa ufupi jinsi matabibu walivyofika kwenye kisu. Mwaka 1954 Arnold Kremen na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza upasuaji wa kuupitisha mlo kando ya sehemu kubwa ya utumbo mdogo ili usipate kusharabiwa. Watu walikonda, lakini wengi walipatwa na kuhara kusikokoma, mawe ya figo na maradhi ya ini, hata njia hiyo ikaachwa. Mwaka 1966 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, akiwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda vya tumbo hawakunenepa, aliufanya upasuaji wa kukigawa kifuko kidogo juu ya mfuko huo na kukiunganisha na utumbo. Baadaye waliomfuata waliuunga utumbo kwa namna ya herufi Y, kama alivyofanya Mswisi César Roux wa Lausanne mwishoni mwa karne ya 19 kwa maradhi mengine. Tangu miaka ya 1990 upasuaji huo umekuwa ukifanywa kwa matundu madogo na kamera, bila kulipasua tumbo lote, na mgonjwa hutoka hospitali baada ya siku chache.

Namna mbili ndizo zinazofanywa zaidi leo. Katika namna ya kwanza, mgonjwa huachiwa kifuko cha mililita 30 hivi, yaani kama vijiko viwili vya mezani, na chakula huchepushwa kisipite katika sehemu kubwa ya mfuko wala mwanzo wa utumbo mdogo. Katika namna ya pili, robo tatu au zaidi ya mfuko hukatwa na kuondolewa kabisa, pamoja na upande ule wa juu unaotoa grelini nyingi, likabaki bomba jembamba. Msingi uliowekwa Marekani mwaka 1991 ulikuwa kwamba apasuliwe mwenye hesabu ya 40, au ya 35 ikiwa ana maradhi yatokanayo na unene. Na mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa elimu hii viliushusha mpaka huo, hata mwenye 35 akastahili bila ya sharti jingine.

Jambo lililowashangaza matabibu wenyewe ni kwamba upasuaji huu haufanyi kazi kwa kulibana tumbo tu. Walter Pories na wenzake wa North Carolina walitangaza mwaka 1995 kwamba wagonjwa wao wengi wa kisukari walirudiwa na sukari ya kawaida, na wengine ndani ya siku chache tu, kabla uzito haujapungua kwa kiasi cha kutajwa. Sababu yake mojawapo ni kwamba chakula kinapoufikia utumbo wa chini kwa haraka, utumbo huo humimina homoni za shibe na za kuiamsha insulini. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi mwanamke wetu hula tonge chache akasikia kwamba ametosheka. Na huo ni uthibitisho mkubwa kwamba njaa yake ya zamani ilikuwa maradhi, kwa maana tabia ya mtu haigeuki kwa kukatwa tumbo, lakini njaa yake imegeuka.

Nayo Sweden imetupa ithibati ya miaka mingi. Utafiti ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström uliwafuata watu zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa na nusu wametibiwa kwa njia za kawaida. Ikaonekana kwamba waliochepushiwa chakula walipungua kwa wastani asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili, na baada ya miaka 10 walikuwa bado chini kwa asilimia 25, ilhali wale waliotibiwa kwa njia za kawaida hawakubadilika kwa kiasi cha haja. Na vifo vikapungua kwa waliopasuliwa. Hatari nazo zipo, na tabibu mwaminifu huzitaja kabla ya mgonjwa kutia saini: utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2009 ulihesabu vifo vitatu hivi katika kila wagonjwa 1,000 ndani ya siku 30 za kwanza, na kuna kuvuja kwa mshono, kutokwa na damu, na damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni.

Hapa ndipo magazeti hukomea, na picha mbili zikawekwa pamoja, ya mnene na ya mwembamba, kana kwamba hadithi imekwisha. Kwangu mimi hadithi ndiyo kwanza inaanza.

Wiki za mwanzo mgonjwa huishi kwa maji na supu iliyochujwa, anywayo kwa funda ndogo ndogo, kisha huingia katika uji na vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, na karibu miezi miwili hupita kabla hajarudi kwenye chakula cha watu wote. Tangu hapo hufundishwa kuanza na samaki, yai, kuku au maharage kabla ya wali, kutafuna mpaka tonge limekuwa laini kabisa, kutokunywa maji pamoja na mlo, na kuacha mara aisikiapo shibe. Akisahau na kula halua au kaimati kwa pupa, hasa ikiwa alichepushiwa chakula, sukari humiminika katika utumbo mara moja, moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, kizunguzungu kikamshika, na tumbo likamwendesha. Vitamini B12, madini ya chuma na kalisi havisharabiwi tena vema, kwa hiyo hana budi kumeza vidonge na kupimwa damu muda wote wa maisha yake. Na anayeviacha kwa kuwa anajiona mzima huvuna upungufu wa damu, mifupa dhaifu, na ganzi ya miguu ambayo pengine haitoki tena. Nywele hunyonyoka katika mwezi wa tatu hadi wa sita, kisha huota. Mawe ya nyongo hutokea mara nyingi kwa sababu ya kukonda kwa haraka. Uzazi uliokuwa umefungwa pengine hufunguka ghafula, ilhali matabibu hushauri mimba ingoje mwaka mmoja au mwaka na nusu. Na ngozi iliyotanuka kwa miaka hairudi yote. Huning'inia mikononi na tumboni, ikawa mwanamke aliyejificha kwa unene sasa anajificha kwa ngozi.

Mwezi wa Ramadhani nao una hukumu zake. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na matabibu wengi humshauri asifunge katika miezi ya kwanza, kwa kuwa kifuko chake hakiwezi kuyapokea maji mengi kwa mara moja baada ya magharibi, naye aweza kukaukiwa. Lakini yule ambaye jana alionekana mzito na leo anaonekana mzima, akiketi bila kufunga, hutazamwa na majirani kwa jicho la shaka. Na baadhi ya wagonjwa hao hufunga kwa kuona haya, wakalazwa hospitali.

Naja sasa kwenye ndimi za watu. Katika nchi zetu unene ulikuwa dalili ya neema, na mtu aliyenawiri alihesabiwa kuwa amewekwa vema na mumewe au na kazi yake; kinyume chake, wembamba wa ghafula ulipata maana ya kutisha pale Ukimwi ulipoingia, hata katika wilaya ya Rakai, Uganda, miaka ya 1980, watu waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, yaani slim. Hofu ile haijatutoka. Mwanamke aliyepungua kilo 40 katika mwaka mmoja hupita mtaani akasikia minong'ono nyuma yake. Wengine humwuliza anaumwa nini, na wengine hawamwulizi bali hujijibu wenyewe. Hivyo yule aliyetukanwa kwa kuwa mnene sasa anashukiwa kwa kuwa mwembamba, na pengine huona bora kuificha siri ya upasuaji, kwa kuwa akiitaja ataambiwa kwamba amepita njia ya mkato ya wavivu.

Meza nayo humgeukia. Sisi ni watu ambao mapenzi yetu hupakuliwa: mgeni huongezewa kabla hajamaliza, na anayekataa huulizwa kama chakula hakikumpendeza. Mtu mwenye kifuko cha vijiko viwili, akikaa mbele ya sinia la biriani harusini, hana neno la adabu la kumtosha shangazi anayemsukumia nyama. Akila kwa kumridhisha, hutapika. Asipokula, amevunja ujamaa. Hapa mgonjwa hahitaji tabibu. Anahitaji shangazi aliyefahamishwa.

Na ndani ya nyumba mambo hugeuka pande mbili. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2018 kwamba waliopasuliwa wakiwa wapweke walipata wenzi au kuoa na kuolewa zaidi kuliko wasiopasuliwa, na waliokuwa na wenzi wakaachana zaidi. Mke aliyezoea kukaa sasa anatoka. Mume aliyezoea kuhitajiwa sasa anahofia. Na ndoa iliyosimama juu ya udhaifu wa mmoja hutikisika anapopata nguvu.

Kuna na jambo la moyo, na katika hili nitaje mtu mmoja ambaye nyote mnamjua, naye ni Diego Maradona wa Argentina. Bingwa huyu aliyelinyanyua Kombe la Dunia mwaka 1986 alikuwa, baada ya kuacha kucheza, amenenepa sana, na mwezi wa Aprili 2004 moyo wake ulimlaza hospitali huko Buenos Aires. Machi 2005 alipasuliwa tumbo Cartagena, Colombia, na miezi michache baadaye, akiwa amepungua kilo 50 hivi, ulimwengu ulimwona katika televisheni akiendesha kipindi chake mwenyewe, na mgeni wake wa kwanza akawa Pelé. Picha zake mbili, ya kabla na ya baada, zilienea kila mahali. Lakini mwaka 2007 alilazwa tena kwa madhara ya pombe. Mwaka 2015 alipasuliwa tena tumbo, safari hii Venezuela. Na tarehe 25 Novemba 2020 moyo wake ulisimama, umri wake ukiwa miaka 60. Sisemi kwamba upasuaji ulimdhuru, kwa maana uraibu ulimwandama tangu miaka ya 1980, wala simtaji ili nimhukumu. Namtaja kwa kuwa kisu kiliyatibu maradhi yaliyokuwa tumboni, na yale yaliyokuwa mahali pengine yakabaki yakingoja tiba yake. Baada ya kuchepushiwa chakula, pombe huingia katika damu kwa haraka na kwa wingi kuliko zamani, na watafiti wa Marekani walionya mwaka 2012 kwamba matatizo ya ulevi huongezeka kuanzia mwaka wa pili. Na yule aliyekuwa akiipoza huzuni yake kwa chakula, akikosa njia hiyo, hutafuta nyingine. Kwa hiyo mashauri ya moyo ni sehemu ya tiba, na hospitali ipasuayo bila kuyatoa imefanya nusu ya kazi.

Ninaomba, basi, mambo matatu. Kwa matabibu: msimpe mgonjwa tarehe ya kupasuliwa kabla hamjampa miadi ya miaka itakayofuata, ya damu, ya chakula na ya moyo, wala msimwite mkaidi uzito ukirudi kidogo, maana maradhi ya kudumu hurudi, na kurudi kwake hutibiwa. Kwa walio na madaraka: tiba hii ni ghali, na wengi wanaoihitaji hawana mali, afadhali itazamwe katika bima kama yanavyotazamwa maradhi ya kisukari na ya moyo ambayo tiba hii huyapunguza, na papo hapo watoto wetu walindwe na vinywaji vya sukari vinavyouzwa mlangoni mwa shule. Na kwa sisi jamaa na majirani, tulio wengi kuliko matabibu na tunaokaa na mgonjwa siku zote: tusimpime kwa macho anapopita, tusimwongezee chakula alichokikataa, tusimtangazie ugonjwa asio nao, na tusidhani kwamba kazi yetu ilikwisha siku tulipompelekea maua hospitali.

Mwaka wa kwanza mgonjwa hupata sifa nyingi. Ni mwaka wa tano, sifa zikiwa zimenyamaza na vidonge vikiwa vimechosha, ndipo anapohitaji mtu wa kufuatana naye kliniki. Atakayekuwa mtu huyo, awe mume, dada, mwana au jirani, atakuwa ameikamilisha kazi iliyoanzwa na mpasuaji, na huo ndio wajibu ninaouacha mikononi mwenu.